Mnara wa moto na njia ya kuufikia: barua ya wazi kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania

Kwa Kamishna wa Uhifadhi, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Nakala kwa wakurugenzi wa Halmashauri ya Jiji la Mwanza, Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela, na Halmashauri za Wilaya za Ukerewe na Buchosa.

YAH: KUTUNZWA KWA VITUO VYA KUANGALIZIA MOTO VILELENI NA KUFUNGULIWA KWA NJIA ZA MIGUU ZA KUVIFIKIA KATIKA KANDA YA ZIWA

Mnara wa kuangalizia moto ni jengo jepesi, la mbao au la chuma, linalosimamishwa mahali pa juu kuliko pote ndani ya msitu au shamba la miti, ili mtu aliyepewa kazi hiyo auone moshi ungali mwembamba, kabla moto haujashika majani makavu na kupanda kwenye matawi. Minara ya aina hiyo inafahamika nchini kutokana na mashamba makubwa ya Serikali, hasa Sao Hill wilayani Mufindi, ambako miti ilianza kupandwa kwa majaribio mwaka 1939 na ambako eneo la shamba leo linazidi hekta 135,000. Barua hii inahusu upande mwingine wa nchi, yaani mwambao wa Ziwa Victoria mkoani Mwanza, ambako Wakala unasimamia shamba la Rubya katika kisiwa cha Ukerewe na shamba la Buhindi katika Buchosa, na ambako jiji lenyewe limezungukwa na vilima vya mawe vinavyotazama maji. Ombi lake ni kwamba mahali pa kuangalizia moto katika kanda hii, pawe pana mnara wa zamani, mnara mpya au mwamba mtupu tu, pasiachwe kuwa magofu kwa kisingizio cha setilaiti, na kwamba njia ya miguu inayopafikia ifunguliwe kwa mwananchi kwa utaratibu unaoeleweka.

Kazi ya mwangalizi wa moto haieleweki vizuri, pengine hata kwa baadhi ya wanaoidhinisha mshahara wake, hivyo inafaa ielezwe. Katikati ya chumba cha juu ya mnara huwekwa meza ya duara yenye ramani ya eneo, na juu ya ramani hiyo fremu inayozunguka yenye uzi mwembamba, ambayo mwangalizi huielekeza kwenye moshi mpaka uzi upite katikati ya shina la moshi, kisha akasoma ukingoni mwa duara idadi ya nyuzi kuanzia kaskazini. Pembe hiyo, ambayo wapima ardhi huiita azimuthi, ndiyo anayoitangaza kwa redio au kwa simu. Kifaa hicho kilipata umbo lake linalojulikana huko Marekani katika miaka ya 1910 kwa kazi ya William Osborne wa Idara ya Misitu ya nchi hiyo, baada ya moto wa Agosti 1910 kuteketeza takriban ekari milioni 3 kwa siku mbili katika majimbo ya Idaho, Montana na Washington na kuwaaminisha watawala kwamba moto unaochelewa kuonekana huwa haukamatiki tena. Hata hivyo mnara mmoja hautoshi, kwa kuwa pembe moja humwambia mtu moto uko upande gani bila kumwambia uko umbali gani; ni mpaka mwangalizi wa pili, kwenye kilele kingine, asome pembe yake, ndipo mistari miwili ikatane kwenye ramani na kikosi kipelekwe mahali penyewe badala ya kuzungushwa porini.

Mwambao wa Mwanza una mfano wake wa kale wa upungufu huo wa kilele kimoja. Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke, akiongozana na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi wao, alipanda kilima karibu na Mwanza, akayaona maji yakienda kaskazini mpaka upeo wa macho (macho ambayo, kwa haki yake, yalikuwa yamemsumbua kwa ugonjwa katika safari hiyo), na akahitimisha kwamba amekipata chanzo cha mto Nile. Mwenzake Richard Burton, aliyebaki Tabora, hakukubali, na kwa ushahidi uliokuwapo siku hiyo alikuwa na hoja, kwa kuwa mtu aliyeona ziwa kutoka upande mmoja tu hawezi kusema kwa hakika upande wa pili unafanya nini. Ilibidi Speke arudi Afrika na kufika Jinja, mahali mto unapotoka ziwani, mwezi Julai 1862, na Henry Stanley naye alizunguke ziwa lote kwa mashua mwaka 1875, ndipo neno lililotamkwa juu ya kilima cha Mwanza likubalike pasipo ubishi. Speke alikuwa sahihi, lakini usahihi wake ulikuwa wa kubahatisha, na hakuna meneja wa shamba la miti anayeweza kuwatuma watu wake motoni kwa msingi huo.

Kupanga vituo viwili vinavyosaidiana si jambo gumu katika kanda hii, kwa sababu maumbile yamekwisha kufanya nusu ya kazi. Vilima vya Mwanza ni vya itale, yaani mwamba mgumu ulioganda chini ya ardhi kutokana na uji wa mawe, ambao udongo uliokuwa juu yake umemomonyoka kwa muda mrefu mno na kuacha majabali yamesimama wazi, mengine yakiwa yamepandana kana kwamba yalipangwa kwa mkono. Kilele cha namna hiyo hakina miti ya kuziba macho wala hakihitaji mnara mrefu. Kanuni ya wapimaji husema kwamba umbali wa upeo wa macho kwa kilometa ni sawa na kipeuo cha pili cha urefu wa mtazamaji kwa mita, kikizidishwa kwa 3.57, kwa hiyo mtu aliyesimama mita 100 juu ya usawa wa ziwa huuona uso wa maji mpaka kama kilometa 36, na moshi ambao umekwisha kupanda mita 200 angani anaweza kuuona ukiwa mbali zaidi ya mara mbili ya hapo, iwapo hewa ni safi. Kwa hesabu hiyo moshi unaofuka Ukerewe unaweza kusomwa kutoka vilima vya Mwanza, na wa Buhindi kadhalika, endapo atakuwapo mtu wa kuusoma.

Mtu huyo lazima awe anaijua kanda, na hapa ndipo ujuzi wa mwambao unapokuwa na thamani ambayo haipatikani katika kozi ya ofisini. Juu ya Ziwa Victoria huinuka nguzo nyeusi-kijivu ambazo mgeni yeyote angeapa kuwa ni moshi wa moto mkubwa, zikapinda kwa upepo na kusogea kuelekea nchi kavu, kumbe ni mamilioni ya visubi wa ziwani, wadudu wadogo ambao viluwiluwi vyao huishi kwenye tope la chini ya maji na kutoka kwa pamoja, kundi mojawapo likifuata mwezi mwandamo. Siku zizo hizo za giza ndizo wavuvi wa dagaa hutoka usiku na taa zao, zamani karabai na sasa zaidi taa za umemejua, hata ziwa likaonekana limejaa vimoto mpaka upeoni, na mwangalizi asiyezoea akashindwa kutofautisha taa ya mtumbwi uliotia nanga karibu na ufuko na moto ulioanza kwenye majani ya ufuko huohuo. Mchana kuna moshi wa tanuri za mkaa, ambao hutoka polepole na kukaa mahali pamoja kwa siku kadhaa; kuna moshi wa kukausha samaki kwenye mialo, ambao ni wa chini na una saa zake; kuna moshi mweupe mzito wa majani mabichi ya shamba linaloandaliwa, na kuna moshi mweusi wa utomvu wa misindano, ambao ukionekana maana yake moto umekwisha kuingia kwenye miti iliyopandwa na muda umepotea. Kijana aliyekulia Nansio kule Ukerewe au Nyakaliro kule Buchosa anayabeba maarifa hayo kichwani tayari, na kwa kweli ni ajabu kwamba hakuna anayemlipa kwa ajili yake.

Hoja ya kawaida dhidi ya mwangalizi ni setilaiti, na haifai kudharauliwa. Vyombo viwili vya Marekani, MODIS na VIIRS, hupima joto la uso wa dunia na kutoa orodha ya maeneo yanayoshukiwa kuwaka, ambayo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuisoma bila malipo. Kimoja hugawa ardhi katika vipande vya kilometa 1 na kingine vya mita 375, na kwa kutazama nchi nzima, hasa mapori yasiyo na mtu, hakuna mnara unaoweza kushindana navyo. Udhaifu wa vyombo hivyo uko kwenye saa. Setilaiti zinazovibeba hupita juu ya mahali pamoja mara chache tu kwa siku, na upitaji unaotegemewa zaidi ni ule wa mapema alasiri, hivyo moto unaowashwa saa tisa mchana, wakati majani yamekauka kabisa na upepo wa ziwani umekwisha kuamka, unaweza kufanya kazi yake yote jioni hiyo pasipo kuandikwa popote hadi usiku wa manane. Wingu likitanda, chombo hakioni. Na moto mdogo wa mita chache, ambao ndio pekee unaozimika kwa matawi mabichi, majembe na watu kumi, mara nyingi haufikii kiwango cha kutambuliwa. Kamera zinazofungwa kwenye minara ya simu, kama zinavyotumika sasa katika jimbo la California, zinaziba sehemu ya pengo hilo, na kwa kuwa vilele kadhaa vya Mwanza tayari vimebeba minara ya simu, Wakala ungefanya vyema kuzungumza na wenye minara hiyo. Ila kamera nayo inahitaji mtu wa kuamua kama kinachoonekana ni moshi au ni visubi.

Suala la njia ya miguu linaweza kuonekana kuwa la anasa likiwekwa kando ya suala la moto, na huenda wapo watakaoshangaa kuyaona mawili hayo katika barua moja. Yanaunganishwa na jambo la kawaida sana, kwamba kituo cha kileleni ambacho hakuna anayekwenda huharibika bila mtu kujua: ngazi huoza, mabati huibwa, njia hufungwa na vichaka, na kiangazi kinapofika mwangalizi hutumwa kwenda mahali pasipofikika. Huko Marekani, ambako maelfu ya minara iliachwa baada ya ndege na setilaiti kuchukua kazi, mingi ilibomolewa au ilianguka yenyewe, na iliyosalia kwa sehemu kubwa ni ile ambayo wapanda vilima waliendelea kuitembelea, ambayo vyama vya kujitolea viliikarabati, au ambayo Idara ya Misitu iliikodisha kwa usiku mmoja mmoja kwa watu waliokuwa tayari kutembea kwa saa nyingi wakiwa na maji na chakula mgongoni. Australia Magharibi, karibu na mji wa Pemberton, mkaratusi mrefu wa aina ya karri ulipigwa vigingi kuanzia chini mpaka juu mwaka 1947 ili mwangalizi apande na kutazama moto, na hata baada ya kazi hiyo kwisha wageni waliendelea kuupanda kwa miongo mingi, wakiuweka hai katika kumbukumbu ya wilaya.

Mwanza hakuna uhaba wa watu wenye hamu ya kupanda. Kuna uhaba wa mahali pa kupanda. Makazi yamekwea kwenye majabali ya Igogo, Mabatini, Bugarika na Isamilo, jambo ambalo halipaswi kulaumiwa kirahisi kwa kuwa watu hujenga wanapopata ardhi, lakini matokeo yake ni kwamba vilele vilivyobaki ama vina uzio wa mnara wa simu ama vinafikiwa kwa kupita uani kwa mtu. Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2013, kinatoa nafasi ya kukwea mwamba na kuuona mji kutoka majini, ingawa nauli ya boti na kiingilio humfanya mwanafunzi afike mara moja katika maisha yake ya shule, tena kwa ziara ya darasa. Kinachopotea hapo si mandhari tu. Anayepanda jabali la Mwanza asubuhi, kabla jiwe halijapata moto, hukutana na pimbi wakiota jua na mjusi wa mawe ambaye wanasayansi walimpa jina la mji huu, Agama mwanzae, mnamo mwaka 1923, dume lake likiwa na kichwa na mabega ya wekundu wa waridi na mwili wa nyuma wa buluu, akitikisa kichwa juu na chini kumfukuza mwenziwe. Na akigeuka huona kwa mara moja jinsi maji, mashamba, miti iliyopandwa na nyumba vinavyopakana, jambo ambalo ramani ya matumizi bora ya ardhi huchukua mkutano mzima kulieleza.

Pingamizi zito zaidi ni lile ambalo Wakala wenyewe una haki ya kulitoa, kwamba wapanda vilima huleta moto. Oktoba 2020 moto ulizuka Mlima Kilimanjaro katika eneo la Whona, kati ya vituo vya Mandara na Horombo, na maelezo ya awali ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) yaliutaja moto wa kupashia chakula kuwa chanzo; ulichukua siku nyingi na mamia ya watu kuuzima. Shamba la misindano ni hatari zaidi ya nyika ya mlimani, kwa sababu chini yake kuna zulia la majani makavu yenye utomvu. Pingamizi hilo linakubalika, na jibu lake liko katika masharti: njia ifuate barabara za kinga moto, yaani mikanda iliyofyekwa ambayo huachwa wazi kati ya kitalu na kitalu ili moto ukose chakula, badala ya kukata katikati ya miti, kusiwe na ruhusa ya kuwasha jiko, kuvuta sigara wala kulala porini, makundi yawe madogo, yaandikishwe langoni na yaongozwe na mtu wa kijiji jirani, na mwezi ambao ukavu umezidi, njia ifungwe bila kuombana radhi. Inafaa pia kukumbuka kwamba moto mwingi katika kanda hii hauletwi na mtembezi mwenye viatu vya mlimani, bali hutokana na uandaaji wa mashamba, uchomaji mkaa, urinaji asali na wafugaji wanaotaka majani mapya, yaani na watu ambao tayari wanapita humo kila siku bila kuandikishwa popote.

Ndiyo maana vijiji vinavyopakana na mashamba hayo vinapaswa kupewa sehemu ya kazi, na Usukuma una historia ya kutosha ya kuonyesha kwamba vinaweza. Wasukuma wana desturi ya ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili majani yakue na kufunguliwa kiangazi yanapokuwa adimu kwingine, na moto mmoja uliopuuzwa unaweza kuifuta akiba ya mwaka mzima. Kwa hiyo ulinzi dhidi ya moto ulikuwa jukumu la jamii muda mrefu kabla ya kuwapo ofisi ya misitu ya wilaya. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulipata mafanikio yake makubwa kwa kuirudia desturi hiyo badala ya kuleta mpya. Sungusungu nao, walinzi wa jadi waliojitokeza Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, walionyesha kwamba kijiji kinaweza kujipanga kwa zamu za usiku na kuitana kwa ishara pasipo kusubiri amri kutoka juu, ingawa historia yao ya kuadhibu watu nje ya mahakama haifai kuigwa. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inaruhusu usimamizi wa pamoja wa misitu kati ya Serikali na jamii zinazopakana nayo, na hakuna sababu ya msingi ya kuufanya usimamizi huo uishie kwenye kugawana kuni na asali huku ukiacha nje kituo cha kuangalizia moto.

Wakala unaombwa, kwanza kabisa, kuorodhesha vituo vyote vya kuangalizia moto vya Kanda ya Ziwa, vinavyotumika na vilivyoachwa, na kuitangaza orodha hiyo pamoja na hali ya njia ya kila kimoja. Unaombwa kuchagua njia moja Rubya na moja Buhindi kwa majaribio ya msimu mmoja: mwangalizi akae kileleni kila siku ya kiangazi, na watembezi wapokelewe mwishoni mwa juma tu, ili idadi yao isizidi uwezo wake wa kuwaeleza meza ya ramani inavyofanya kazi. Ada iwe ya kiwango ambacho fundi wa Kirumba au mwalimu wa Ngudu anaweza kuilipa baada ya kutoa nauli ya meli ya Nansio, au ya kivuko cha Kisorya kwa anayepitia Bunda, na sehemu ya ada hiyo ibaki kijijini kwa makubaliano yaliyoandikwa, kwa kuwa ahadi za mdomo katika mambo ya misitu zimewahi kuzaa ugomvi mwingi. Halmashauri ya Jiji na Manispaa ya Ilemela, kwa upande wao, zinaombwa kupima na kutenga angalau njia moja ya umma ya kufikia kilele kwenye kila kilima ambacho upimaji wa viwanja haujakimaliza, kabla hati hazijatolewa, maana baada ya hati kutolewa njia hiyo itahitaji fidia.

Kiangazi cha mwambao huu huanza mwezi Juni na moto huongezeka kadiri Agosti na Septemba zinavyokaribia, kwa hiyo uamuzi utakaotolewa baada ya Mei utakuwa wa mwaka unaofuata. Jibu la Wakala, liwe la kukubali au la kukataa, linaombwa libandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za vijiji vinavyopakana na Rubya na Buhindi, likitaja jina la cheo cha ofisa atakayeshika ufunguo wa kila mnara na namba ya simu ya ofisi ambayo mwanakijiji aliyeona moshi atapiga.